Kubadilisha vipuri vidogo vya bastola za zamani za kijeshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayemiliki kihalali bastola ya zamani ya kijeshi, kama vile Luger P08, Walther P38, Colt M1911, Tokarev, Webley au nyingine ya rika hilo, na anaona kuna kitu ndani kimechoka. Vipuri vinavyozungumziwa hapa ni vile vidogo: springi, pini, kivuta ganda (kulabu inayolitoa ganda tupu baada ya kupiga), skrubu na vibao vya mpini. Kasiba (mtutu), fremu (mwili wa bastola) na slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma inapopiga) zina mambo yake, na nitazigusa pale tu zinapoingiliana na vidogo hivi.

Kabla ya swali lolote: toa magazini, vuta slaidi, tazama chembani (tundu la nyuma la kasiba linaloshika risasi) kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe. Risasi zote zihamie chumba kingine kabla hujashika bisibisi.

Nianze na kipuri gani?

Springi. Ukikosa muda wa kusoma mengine yote, chukua neno hilo moja uende nalo.

Chuma cha springi kikikandamizwa na kuachiwa maelfu ya mara huzoea ufupi, na hakirudi tena kwenye urefu wake. Bastola iliyotengenezwa mwaka 1917 au 1943 inaweza kuwa imepita mikono ya askari, karakana, ghala na wakusanyaji kadhaa bila mtu hata mmoja kufikiria springi zake. Kwa nje inang'aa, ila kwa ndani slaidi inarudi nyuma kwa nguvu ambayo hakuna kitu kinachoizuia, na kila pigo linaiangukia fremu. Fremu ikipasuka, hapo hakuna kipuri tena, kuna kumbukumbu tu.

Uzuri wa springi ni kwamba haina namba, haina mhuri, na kwa bastola nyingi hakuna mkusanyaji atakayekupunguzia thamani kwa kuweka mpya, ilimradi ya zamani umeitunza. Ndiyo maana nasema anza hapo, na kama bastola itapigwa risasi, usisubiri dalili.

Dalili za springi iliyochoka ni zipi?

Maganda kurushwa mbali kuliko kawaida ni moja. Slaidi kurudi mbele kivivu na kusimama kabla haijafunga kabisa ni nyingine. Tazama pia sehemu slaidi inapogonga fremu: ukiona chuma kimebonyea au kimesukumwa pembeni, kimetandikwa muda mrefu. Springi ya nyundo iliyolegea hujionyesha kwa alama hafifu kwenye fataki (kile kidonge kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti), na risasi zinazogoma mara ya kwanza kisha kulipuka mara ya pili. Springi ya magazini ikichoka, risasi ya mwisho au mbili za mwisho ndizo zinazoleta shida, kwa sababu hazisukumwi juu upesi kiasi cha kuiwahi slaidi.

Njia rahisi kuliko zote ni kuilaza ya zamani kando ya mpya kwenye meza. Tofauti ikionekana kwa macho, huna haja ya hoja nyingine.

Springi ngumu zaidi si itailinda bastola zaidi?

Hapana, na hili ni kosa la watu wenye nia njema. Bastola ni mizani. Springi ya kurudisha slaidi ya M1911 ya jeshi, kwa risasi ya .45 ACP, ni ya takriban pauni 16. Ukiweka ya pauni 20 ukidhani unailinda fremu, slaidi haitarudi nyuma kikamilifu kwa risasi ya kawaida, ganda litabanwa mlangoni, na ikirudi mbele itagonga kwa kishindo kuliko ilivyokusudiwa. Umehamisha pigo kutoka nyuma kulipeleka mbele.

Luger ina ubishi zaidi katika hili. Mtambo wake unajikunja juu kama goti, na goti hilo linahitaji msukumo wa kutosha ili likunjike hadi mwisho. Springi ngumu ukijumlisha na risasi dhaifu, bastola itapiga mara moja na kukwama. Weka springi ya nguvu ile ile ya awali, basi.

Kivuta ganda hujulikanaje kuwa kimechakaa?

Bastola inapiga vizuri, halafu ganda linabaki chembani, au linatoka nusu na kukaa wima kama bomba la moshi. Kabla ya kukilaumu kivuta ganda, safisha chemba, maana chemba chafu au yenye kutu hulishika ganda kwa nguvu ambayo hakuna kulabu itakayoishinda. Angalia pia uchafu uliojikusanya chini ya ukucha wa kivuta ganda chenyewe. Nimewahi kuagiza kipuri kipya, na siku kilipofika ndipo nikakwangua ukoko mgumu wa grisi kwenye kile cha zamani na kugundua hakikuwa na kosa lolote. Kipya bado kipo kwenye droo.

M1911 ina kivuta ganda cha ndani, kipande kirefu cha chuma chenye kujipinda ambacho chenyewe ndicho springi yake. Ili kukipima, ng'oa slaidi, telezesha risasi bandia chini ya ukucha, kisha tikisa polepole. Risasi ikidondoka mara moja, mkazo umekwisha. Ikiwa ni shida kuiingiza, mkazo umezidi. Fundi anayejua kazi hukipinda kidogo sana na kupima tena, mara nyingi bila kununua chochote.

Hapo hapo kuna tabia moja inayoua vivuta ganda vya aina hii: kudondosha risasi chembani kwa mkono kisha kuiachia slaidi. Mtambo wa M1911 umetengenezwa ili kitako cha risasi kipande chini ya ukucha kikitokea kwenye magazini. Ukiilazimisha slaidi kuruka juu ya risasi iliyokwishakaa chembani, ukucha hupanuliwa kwa nguvu, na siku moja huvunjika.

Browning Hi-Power ilianza na kivuta ganda cha ndani vilevile, kisha mwaka 1962 kiwanda chake, FN cha Ubelgiji, kikahamia kwenye cha nje. Kwa hiyo unapoagiza kipuri cha Hi-Power, jina la bastola peke yake halitoshi. Piga picha ubavu wa kulia wa slaidi umpelekee muuzaji.

Kwenye Luger, kivuta ganda kina kazi ya pili: risasi ikiwa chembani huinuka kidogo na kuonyesha neno la Kijerumani GELADEN, yaani imejazwa. Ni kipuri kinachovunjika, na kwa bahati mbaya ni miongoni mwa vile vinavyobeba namba. Kuhusu namba, tutafika.

Pini ya kugonga fataki ibadilishwe lini?

Ncha ikivunjika, ikibonyea, au ikiwa na makali. Ncha nzuri ni ya mviringo na laini. Ncha kali hutoboa fataki, na gesi moto hurudi nyuma kuelekea usoni kwako.

Kuna jaribio la penseli ambalo halihitaji risasi. Hakikisha bastola ni tupu, elekeza mdomo wa kasiba juu, tumbukiza penseli ya mbao yenye kifutio huku kifutio kikitangulia chini, kisha vuta kifyatulio. Pini yenye afya huirusha penseli nje. Ikijitikisa tu na kubaki ndani, tazama springi ya nyundo, uchafu kwenye njia ya pini, na urefu wa pini yenyewe, kwa mpangilio huo.

Usilifanye jaribio hilo kwenye CZ 52, bastola ya Chekoslovakia. Pini yake ya awali ilitengenezwa kwa chuma cha kumiminwa, nacho ni kikavu mno. Kuifyatua tupu mara chache kunatosha kuikata ncha. Pini mpya zilizochongwa kwenye chuma imara zinapatikana, na kwa bastola hiyo ningebadilisha kabla ya kufyatua mara ya kwanza, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Kuvunjika kwa pini si jambo geni. Mkoba wa bastola ya Kijapani Nambu Aina ya 14, iliyoanza kutumika mwaka 1925, ulikuwa na kijimfuko cha pini ya akiba. Jeshi linalompa askari pini ya pili ndani ya mkoba limekwishakubali kwamba ya kwanza haitadumu.

Vipuri vya bastola mbili za aina moja vinaingiliana?

Wakati mwingine, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

M1911A1 za Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa na Colt, Remington Rand, Ithaca na Union Switch & Signal, na kabla ya hapo Singer walitengeneza 500 tu. Mmoja wao alikuwa mtengenezaji wa taipureta, mwingine wa mitambo ya ishara za reli, mwingine wa cherehani. Zote zilifuata michoro ile ile na kupimwa kwa vipimo vile vile, kwa sababu jeshi lilitaka karakana iweze kuchota kipuri kwenye sanduku lolote. Kwa M1911 ya jeshi, kipuri kidogo cha jeshi kwa kawaida kitakaa bila ugomvi.

Luger ni hadithi nyingine. Ilikamilishwa kwa mkono wa fundi, na vipande vyake viliwekwa namba kwa sababu viliteuliwa vikae pamoja. Kipuri kutoka Luger nyingine kinaweza kuingia na bado kisifanye kazi sawasawa. Vivyo hivyo Mauser C96, ambayo vipande vyake hufungamana kama fumbo bila kutumia skrubu hata moja isipokuwa ile ya vibao vya mpini. Kila kipande hapo kinamtegemea jirani yake.

Tokarev ipo katikati. TT-33 ya Kisovieti ina ndugu wengi: Aina ya 54 ya China, za Poland na Romania, na M57 ya Yugoslavia. Zinafanana kiasi cha kudanganya. M57 ina mpini mrefu zaidi na magazini ya risasi tisa badala ya nane, kwa hiyo magazini ya mmoja si ya mwingine. Vipuri vya ndani pia usivichukulie kuwa ni sawa mpaka umevilaza kando kwa kando.

Ushauri wangu: nunua kipuri cha nchi na kiwanda kilekile ukikipata, na hata hapo kichukulie kama kipuri kinachohitaji kupimwa, si kitu cha kuchomeka tu.

Namba ndogo zilizogongwa kwenye vipande vya Luger zina maana gani?

Ni tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola. Zilikuwa msaada kwa karakana: bastola kumi zikifunguliwa mezani kwa ajili ya usafi, kila kipande kijulikane kwao ni wapi. Leo ndizo zinazoamua thamani. Luger ambayo namba zake zote zinalingana na Luger ileile yenye kipande kimoja kigeni hazikai kwenye kapu moja machoni pa mkusanyaji.

Kwa hiyo mwenye Luger yenye namba kamili ana njia ya kati: nunua kipuri kipya cha kupigia, weka chenye namba kwenye mfuko wenye maelezo, na siku ya kuiuza au kuirithisha kirudishe mahali pake. Kama kivuta ganda chenye namba kimevunjika, hifadhi vipande vyote viwili.

Naweza kugonga namba zinazolingana kwenye kipuri kipya?

Usifanye. Namba iliyogongwa leo kwenye kipuri kilichonunuliwa juzi ni ushahidi wa uongo, hata kama wewe huna nia ya kuuza. Utakufa, bastola itabaki, na mnunuzi wa baadaye atalipia kitu ambacho hakipo. Andika kwenye karatasi kipi kimebadilishwa na mwaka gani, karatasi ikae na bastola.

Baadhi ya vipande vya Luger yangu vina rangi ya manjano kama nyasi kavu. Ni kutu?

Hapana! Usivisugue. Ni rangi inayotokea chuma kilichong'arishwa kinapopashwa moto hadi karibu digrii 220 au 230 za Selsiasi. Kifyatulio, kizuizi cha usalama na vipande vingine vidogo vilipewa rangi hiyo kiwandani hadi watengenezaji wake, Mauser, walipobadilisha utaratibu mwaka 1937 na kuvipaka buluu pamoja na vingine. Ni alama ya umri, na ikishasuguliwa imekwenda.

P38 ina hatari gani za kipekee?

Mbili ninazozitaja kila mara, na zote hutokana na vipuri vidogo.

Ya kwanza ni kizuizi cha usalama. Kwenye P38, ukikishusha, nyundo huanguka yenyewe huku kipande cha mviringo ndani kikiwa kimeifunga pini isisogee. Ni wazo zuri kwenye bastola mpya. Kwenye bastola iliyochongwa kwa haraka mwishoni mwa vita, au ambayo kipande hicho kimechakaa au kupasuka, nyundo inaweza kuisukuma pini hadi kwenye fataki, na bastola italia wakati mwenye nayo anaamini ameiweka salama. Usishushe nyundo ya P38 ya wakati wa vita kwa kizuizi hicho ikiwa na risasi chembani. Hili halina mjadala, hata kama jirani yako amefanya hivyo miaka ishirini bila tatizo.

Ya pili ni kifuniko chembamba juu ya slaidi, nyuma, ambacho chini yake hukaa kionyeshi cha risasi chembani, kizuia pini na springi zao ndogo. Kikilegea, mishtuko ya kupiga hukirusha, na vilivyo chini yake hufuata. Springi mbili za kurudisha slaidi, moja kila upande wa fremu, zikiwa zimechoka, mishtuko huwa mikali zaidi na kifuniko hulegea mapema. Kabari ya kufungia kasiba nayo huumia kwa sababu hiyohiyo, na hupasuka kwenye pembe zake. Ukibadilisha springi hizo mbili, badilisha zote kwa pamoja. Moja mpya na moja chovu huivuta slaidi upande.

Na springi bapa, zile zisizo za kujiviringisha?

Hizi zinataka heshima yake. Webley Mk VI ya mwaka 1915 na Nagant ya 1895 hutumia springi bapa iliyokunjwa kama herufi V. Ikivunjika huvunjika ghafla, kwa kawaida kwenye mkunjo. Usiipinde ili kuiongezea nguvu, na usiifungue kwa koleo lenye meno: mkwaruzo mdogo kwenye mkunjo ni mwanzo wa ufa. Funga taya za jiliwa kwa ngozi au shaba, ibane kidogo tu inavyotosha kuitoa, basi.

Makarov pia ina springi bapa, na ni mojawapo ya vipande vyenye werevu mwingi niliowahi kuona: kipande kimoja kinaisukuma nyundo, na ncha yake ya chini ndiyo inayoishikilia magazini. Kikichoka unaweza kupata matatizo mawili yanayoonekana hayana uhusiano, magazini kudondoka na fataki kugoma.

M1911 ina springi bapa ya majani matatu ndani ya mpini. Jani la kushoto linasukuma kishikilia nyundo (kipande kinachoizuia nyundo mpaka uvute kifyatulio), la kati linashughulikia kifyatulio na kitenganishi (kinachozuia bastola isipige mfululizo), la kulia kizuizi cha usalama cha mpini. Mafundi wa mtaani hupenda kuyapinda majani haya ili kifyatulio kiwe chepesi. Jani la kushoto likilegea kupita kiasi, nyundo inaweza kuifuata slaidi inaporudi mbele. Springi mpya ya kiwango cha jeshi ni rahisi kuliko hatari hiyo.

Kifyatulio ni kizito. Je, nipige msasa kishikilia nyundo?

Hapana. Nyuso mbili zinazokutana, ukingo wa kishikilia nyundo na noki ya nyundo, zimegandishwa ugumu kwa juu tu. Ukiukwangua ukoko huo mgumu unafika kwenye chuma laini, na ndani ya risasi chache pembe imebadilika. Bastola yenye pembe iliyoharibika hufyatuka ikigongwa, au hupiga zaidi ya mara moja kwa kuvuta mara moja. Kama nyuso hizo zimechakaa, vipande vyote viwili hubadilishwa na fundi wa silaha mwenye vifaa vya kupima pembe. Hii ndiyo kazi pekee ndogo kwenye orodha yote ambayo ningemkataza mtu mwenye mikono mizuri asiifanye nyumbani.

Tokarev ina nafuu kidogo hapa, kwani nyundo, kishikilia na springi zake vimekaa kwenye kijisanduku kimoja kinachochomoka kizima. Unaweza kumpelekea fundi kijisanduku hicho bila kuhangaika na vingine.

Vifaa gani ninahitaji?

Bisibisi zenye ncha inayojaza ufa wa skrubu kwa upana na kwa unene. Bisibisi za kawaida zimechongwa kama kabari, hukanyaga kingo tu, na ndizo zilizoharibu nusu ya skrubu za bastola duniani. Panchi za shaba au chuma za saizi ya pini yako, nyundo ndogo, kipande cha mbao chenye tundu, miwani ya kinga, na taa nzuri. Mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga ni muhimu kuliko unavyofikiri: fungua springi mikono na bastola vikiwa ndani ya mfuko, na kitakachoruka utakikuta humo. Kizibo cha springi ya M1911 kimeshatoboa dari nyingi kwa sababu mtu aliizungusha pete ya mdomo wa kasiba bila kukiwekea kizibo kidole gumba.

Piga picha kila hatua. Kumbukumbu ya mtu huisha pale pini ya tatu inapotoka.

Pini imegoma kutoka.

Mafuta ya kupenya kutu, na siku mbili. Kisha mafuta tena. Grisi ya ghalani iliyokaa nusu karne hugeuka gundi, na mara nyingi joto la kikausha nywele linatosha kuilegeza. Kabla ya kuongeza nguvu ya nyundo, jiulize kama unaipiga kuelekea upande sahihi, na kama kuna kipande kingine kinachoishikilia. Usitumie moto wa gesi: utaharibu ugumu wa chuma na rangi yake kwa pamoja.

Vibao vya mpini vimepasuka. Nitengeneze au ninunue?

Vya mbao vyenye ufa mdogo hutengenezwa kwa gundi kutoka upande wa ndani. Kibao cha kushoto cha Luger hupoteza kijipande kwenye pembe ya juu, karibu na kizuizi cha usalama, hivyo ukikiona cha zamani kilicho kizima kabisa pale, tazama kwa makini kama kweli ni cha zamani. Usikipige msasa wala vanishi kibao cha asili kwa ajili ya urembo. Vya bakelite (plastiki ngumu ya zamani), kama vya P38, vimekauka kwa umri, na skrubu iliyokazwa kupita kiasi huvipasua kimyakimya. Kaza mpaka isichezecheze, ishia hapo. Vya Tokarev havina skrubu: hushikiliwa na kijikomeo kinachozungushwa kutoka ndani, na unakifikia kwa kupitia tundu la magazini.

Kama bastola inapigwa mara kwa mara, weka vibao vipya vya bei ndogo, vya asili vilale kwenye kabati.

Kipuri kipya au cha zamani kutoka bastola iliyovunjwa?

Springi, daima mpya. Pini ya kugonga fataki, mpya iliyochongwa. Kivuta ganda, cha zamani ambacho hakijatumika ndicho bora, kikikosekana mpya kutoka kwa mtengenezaji anayeeleza chuma alichotumia. Skrubu na vibao, vya zamani kama unajali sura. Kifyatulio na vizuizi vya usalama vya kumiminwa, vyenye mistari ya kalibu ikionekana pembeni, mimi siviweki.

Kiungo cha kasiba cha M1911 ni kidogo. Nacho nibadilishe mwenyewe?

Ni kidogo kwa umbo tu. Ndicho kinachoamua kasiba ishuke lini na ipande lini. Watu huweka kirefu zaidi ili kasiba ikaze, kisha kasiba inakaa juu ya kiungo badala ya mahali pake, na meno yanayoifungia kasiba kwenye slaidi huanza kukatika. Kama tundu la kiungo limekuwa la yai, weka cha urefu wa kawaida wa jeshi, na fundi athibitishe jinsi kasiba inavyofunga na kufunguka kabla hujapiga.

Ninahitaji kibali kununua vipuri hivi?

Inategemea nchi. Marekani huihesabu fremu kuwa ndiyo silaha, na vipuri vidogo kwa kawaida vinauzwa bila usajili, ingawa kuvisafirisha nje ya nchi kunaweza kuhitaji leseni. Umoja wa Ulaya unazo sehemu zinazoitwa muhimu, kama kasiba, fremu, slaidi na silinda, ambazo hudhibitiwa kama silaha nzima, lakini springi na skrubu hazimo. Uingereza ilipiga marufuku umiliki wa bastola nyingi kwa sheria za mwaka 1997, na zilizobaki zina masharti maalumu. Uliza mamlaka ya silaha ya nchi yako kabla ya kuagiza kitu kivuke mpaka. Pini ndogo inaweza kukaa forodhani muda mrefu kuliko vita yenyewe.

Bastola yangu ilizimwa kisheria, yaani ilifanywa isiweze kupiga. Naweza kuirudishia vipuri?

Vibao, skrubu za mpini na vya kuonekana kwa nje, ndiyo, kama sheria yako inaruhusu. Vya kuifanya ipige tena, hapana, na ukurasa huu hausaidii kazi hiyo.

Nimebadilisha. Ninaijaribuje?

Kwanza bila risasi hai. Weka risasi bandia, vuta na uachie slaidi mara nyingi, tazama kama zinaingia na kutoka. Vuta nyundo nyuma mpaka ishikwe, kisha isukume mbele kwa kidole gumba: isianguke. Jaribu vizuizi vyote kimoja kimoja.

Kwenye uwanja wa shabaha, miwani na vikinga masikio vikiwa vimevaliwa, weka risasi moja tu kwenye magazini. Ikienda sawa, mbili. Mbili ndizo zitakazokuonyesha kama bastola ina tabia ya kupiga yenyewe mara ya pili, na ni heri igundulike kukiwa na mbili kuliko nane. Okota maganda, tazama fataki: alama iwe katikati, ya mviringo, bila kutoboka. Baada ya risasi kumi ifungue tena utafute vumbi la chuma.

Tumia risasi mpya za nguvu ya kawaida. Risasi za akiba ya jeshi za zamani mara nyingi zina fataki zinazoacha chumvi inayovuta unyevu. Ukizitumia, osha kasiba na pini kwa maji ya moto siku hiyohiyo kabla ya mafuta. Na kama una Webley ambayo silinda yake ilichongwa nyuma ili ipokee .45 ACP, usiilishe .45 ACP ya kiwandani. Shinikizo lake linazidi lile ambalo Webley ilijengwa kulibeba, na hakuna springi itakayokuokoa.

Springi mpya imefika na ni ndefu kuliko ya zamani kwa vidole viwili. Niikate?

Usikate. Ya zamani ndiyo iliyofupika. Iweke jinsi ilivyo, kisha bila magazini vuta slaidi hadi mwisho wake polepole. Ikifika mwisho bila springi kubanana pingili kwa pingili, ndiyo yenyewe. Ikibanana kabla slaidi haijamaliza safari, umetumiwa ya bastola nyingine: irudishe.